Stima ya Bure Kutoka kwa Sumaku ya Dunia? Uliza Nani Analipa

Wasee, tuongee ukweli. Zile video za jamaa amefunga waya wa shaba kwa gari, anasema gari ikikimbia inakata sumaku ya Dunia na kukupa stima ya bure, halafu mwishoni kuna namba ya kutuma pesa? Tuache kuzisambaza.

Shida ni kwamba nusu ya hiyo stori ni kweli, ndio maana inanasa watu. Dunia ni sumaku kubwa. Waya ukikatiza uga wake, volti inazaliwa. Si uchawi, ni Faraday, yule wa darasa la fizikia.

Sasa piga hesabu. Uga wa Dunia hapa Kenya ni kama mikrotesla 33. Chukua matatu yenye upana wa mita 2, inaenda kilomita 80 kwa saa. Hata ukiipa mwelekeo bora kabisa, unapata chini ya milivolti 2. Chaja ya kawaida ya simu inatoa volti 5. Hiyo ni zaidi ya mara 3,000!

Na hata hizo milivolti huzitumii. Waya wa kurudisha stima nao uko ndani ya gari, unakimbia nayo, unapata volti zile zile. Zinapingana, stima haizunguki. Taa haiwaki.

Kuna mtu atasema, "Lakini NASA walifanya!" Kweli. Februari 1996, wakishirikiana na Waitaliano, chombo cha Columbia kiliachilia setilaiti kwa waya wa karibu kilomita 20, kikienda zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Walipata kama volti 3,500 kabla waya haujaungua na kukatika. Huko juu hawakuhitaji waya wa kurudi, kwa sababu anga yenyewe ina chembe zenye chaji zinazopitisha stima.

Lakini haikuwa bure. Stima ikipita kwa waya kama huo, sumaku ya Dunia inauvuta nyuma, na chombo kinapoteza nishati ya mwendo. Hiyo nishati ililipiwa na mafuta ya roketi. Kwa matatu, ingelipiwa na diseli.

Kwa hivyo ukiona mtu anauza stima ya bure, usibishane sana. Muulize tu: nani analipa? Akikosa jibu, jua ni wewe.