Sheria ya Mwaka 1740 Bado Inafanya Kazi

Kila zinapotufikia habari kwamba jimbo fulani la Marekani limeondoa kitabu katika maktaba za shule, au limekataa somo la historia ya watu weusi, wasomi wetu wengi hucheka. Tazameni, husema, taifa kubwa namna ile linavyogombania vitabu vya watoto! Kicheko hicho ni cha mtu asiyejua anachokitazama. Ugomvi ule si wa vitabu. Ni ugomvi wa mamlaka, na umri wake unakaribia miaka 300.

Mwezi Septemba 1739 watumwa wa South Carolina waliasi karibu na mto Stono. Mwaka uliofuata, watunga sheria wa koloni lile wakaweka faini ya pauni 100 kwa yeyote atakayemfundisha mtumwa kuandika. Sheria hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Mimbarani na vyuoni ilihubiriwa kwamba mtu mweusi hana akili ya kupokea elimu. Lakini sheria, iliyotungwa na watu wenye mali ya kulinda, iliamini kinyume chake. Hakuna serikali iliyowahi kutoza faini kwa kumfundisha ng'ombe kuandika. Mwaka 1831, hata kabla ya uasi wa Nat Turner, Virginia nayo ilipiga marufuku mikutano ya weusi huru iliyokusudia kufundisha kusoma na kuandika. Mabwana walijua vizuri sana mtumwa angeweza kufanya nini akishika kalamu.

Na alipoishika, alifanya. Mwaka 1868, vita vimekwisha na utumwa umefutwa, South Carolina ilikaa kuandika katiba mpya, na wengi wa wajumbe walikuwa weusi. Miongoni mwao alikuwapo Robert Smalls, mzaliwa wa utumwani, yule ambaye mwaka 1862 alitoroka na meli ya jeshi la Kusini kutoka bandari ya Charleston akaikabidhi kwa jeshi la Muungano. Smalls na wenzake walidai shule za umma, za bure, kwa watoto wote. Zikaandikwa katika katiba. Mtoto wa kizungu maskini wa jimbo lile, ambaye mabwana hawakuwahi kumjengea mfumo wa shule, alifunguliwa mlango na watu waliokuwa watumwa wa jana. Jambo hili ni Wamarekani wachache wanaolijua, na si kwa bahati mbaya.

Kwani mwaka 1895 jimbo lilelile liliandika katiba nyingine. Safari hii lengo lilikuwa kumnyang'anya mtu mweusi kura, na njia mojawapo ilikuwa kumtaka athibitishe kwamba anajua kusoma. Smalls alikuwapo tena, akapinga, akashindwa. Katiba hiyohiyo ikaamuru shule zitengwe kwa rangi. Yaani mtu ananyimwa shule nzuri kwa sababu ya rangi yake, kisha ananyimwa kura kwa sababu hakusoma! Vitabu vya historia navyo vikafuata, vikiwasimulia watoto wa vizazi kadhaa kwamba serikali zile za baada ya vita zilikuwa utawala wa wajinga na wezi. W.E.B. Du Bois alikwisha kuufichua uongo huo mwaka 1935 katika kitabu chake kuhusu kipindi hicho, akautengea sura nzima ya mwisho.

Sasa tuje leo. Mwaka 2022 Florida ilipitisha sheria ya kudhibiti jinsi walimu wanavyozungumzia ubaguzi wa rangi. Mwaka 2023 miongozo yake ya mtaala ikaelekeza wanafunzi wafundishwe kwamba watumwa walipata stadi ambazo, katika baadhi ya mazingira, ziliweza kuwafaa wenyewe. Machi 2025 Rais Trump alitia saini amri ya kuanza kuivunja Wizara ya Elimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, kwa hoja kwamba elimu irudishwe majimboni na kwa wazazi.

Nikiri kwamba hoja hiyo ina mvuto. Nani atakataa mzazi awe na sauti katika shule ya mwanawe? Na ni kweli kwamba mtoto wa leo hana hatia ya dhambi za babu wa babu yake; mwalimu anayemwambia vinginevyo anakosea. Lakini kumtwisha mtoto hatia ni jambo moja, na kumwambia kilichotokea ni jambo jingine. Wanaoyachanganya mawili hayo wanajua wanachokifanya.

Na hayo madai ya wenyeji kujiamulia yalikwisha kupimwa. Mwaka 1951, katika Kaunti ya Prince Edward, Virginia, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliongoza mgomo wa wanafunzi weusi waliochoshwa na shule mbovu. Kesi yao ikawa mojawapo ya zile zilizoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1954, utengano ulipotangazwa kuwa kinyume cha katiba. Wenyeji wenye mamlaka wakaamua: mwaka 1959 walifunga shule zote za umma za kaunti. Watoto wa kizungu wakaanzishiwa shule binafsi, nazo zikapata msaada wa fedha za umma. Watoto weusi wengi walikaa nyumbani miaka minne, na shule za umma zilifunguliwa tu mwaka 1964, mahakama ilipolazimisha. Anayetaka kurudisha elimu majimboni atueleze kwanza ni nani atakayemlinda mtoto wa Prince Edward wa leo.

Atauliza mtu: haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kuwashauri wakoloni kuhusu elimu ya Mwafrika. Mwenyekiti wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton, chuo cha Virginia kilichosifika kwa kuwaelekeza weusi kwenye kazi za mikono badala ya siasa. Pendekezo lake kwetu halikuwa tofauti: kilimo, afya, ufundi, maisha ya kijijini. Mwaka 1925 shule ya kuandaa walimu wa mtindo huo ilifunguliwa Kabete, ikiitwa Jeanes, kwa jina la mfuko uliokuwa ukigharamia walimu wa vijijini katika majimbo ya Kusini.

Sina ugomvi na useremala wala kilimo. Taifa lisilo na mafundi litaazima hata misumari. Ugomvi wangu ni na yule aliyeamua kwamba seremala hahitaji kujua nani alichukua ardhi aliyokata mbao zake. Afisa wa elimu anayeandaa leo waraka wa kupunguza vipindi vya historia ili kupisha stadi za kazi na aitafute kwanza ripoti ya tume ile, iliyochapishwa mwaka 1925. Ataikuta hoja yake imekwisha kuandikwa humo, na ataona pia iliandikwa kwa manufaa ya nani.