Neno moja bovu laweza kuua

Juma lililopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani. Siku hizi yeye ni mkufunzi wa shabaha. Huwafunza raia waliopewa leseni ya kumiliki bastola chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mkononi alikuwa na karatasi mbili za Kiingereza zilizoeleza jinsi ya kufunga juu ya bastola kile chombo cha kulengea chenye nukta nyekundu.

"Mwalimu," akaniambia, "hebu nisaidie kuzitafsiri hizi. Wanafunzi wangu huzisoma, wakaitikia kwa kichwa, kisha wakafanya kinyume."

Mimi sina bastola, wala sina hamu ya kuwa nayo. Hata hivyo, nilizichukua karatasi zile, maana niliona kuwa swali lake halikuwa la silaha peke yake. Lilikuwa swali la lugha na uhai.

Kwanza nilitaka kukijua chombo chenyewe. Yeye alikuwa amekiita "darubini". Nikampinga. Darubini hukuza na kuvuta karibu kilicho mbali, ilhali chombo hiki hakikuzi kitu. Ndani yake mna taa ndogo mno inayomulika kioo kilichopinda kidogo, na kioo hicho hurudisha mwanga kwenye jicho la mlengaji. Yeye huiona nukta kana kwamba imeelea juu ya shabaha. Wala si leza, kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa hakuna mwale unaotoka kwenda kumwangukia anayelengwa. Asili ya maarifa haya ni kilengeo cha kioo alichobuni Howard Grubb wa Dublin mwaka wa 1900; nacho cha kwanza cha umeme chenye nukta nyekundu kilitolewa na kampuni ya Aimpoint ya Sweden mwaka wa 1975.

Tukakubaliana kukiita "kilengeo". Kitenzi chezea hutupa kichezeo. Basi lengea na kitupe kilengeo. Neno hilo halikutugharimu chochote ila kufikiri kidogo.

Taabu ilianza katika sentensi ya kwanza ya maagizo, ile inayomtaka mtu ahakikishe silaha ni salama kabla ya kuishika bisibisi. Mkufunzi alikuwa ameitafsiri mwenyewe hivi: "Hakikisha silaha iko wazi." Neno kwa neno, hakukosea. Lakini mmoja wa wanafunzi wake alilielewa neno "wazi" jinsi Mswahili yeyote angelielewa. Aliivuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, akaizuia hapo, akaridhika kuwa silaha i wazi kama mlango ulio wazi. Magazini ilikuwa imo ndani, tena ina risasi. Lau angeiachilia ile sehemu irudi mbele, risasi moja ingeingia kwenye chemba. Bahati njema mkufunzi alikuwa karibu naye.

Nikaiandika upya sentensi ile: "Toa magazini. Kisha vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola, utazame chemba kwa macho na kuipapasa kwa kidole, uhakikishe haina risasi. Weka risasi zote mbali na meza." Sentensi moja ya Kiingereza imezaa tatu za Kiswahili, nami sioni haya. Utaratibu wenyewe ni muhimu, kwani anayevuta kwanza na kutoa magazini baadaye huweza kuacha risasi ndani ya chemba.

Tukaendelea. Kamusi hutupa neno "parafujo", tulilorithi kutoka kwa Wareno. Fundi wa Gikomba ukimtajia parafujo atakutumbulia macho; yeye anajua "skrubu". Nimefunza lugha kwa miaka mingi na nalienzi neno parafujo, lakini katika karatasi ile niliandika skrubu. Istilahi isiyojulikana na mtumiaji ni pambo la kabatini.

Nazo skrubu hizo si jambo dogo. Kila bastola inapofyatuliwa, sehemu ile ya juu hurudi nyuma kwa kishindo ikiwa imekibeba kilengeo mgongoni. Skrubu iliyolegea itazidi kulegea, nacho kilengeo kitahama bila mlengaji kujua. Iliyokazwa kupita kiasi huweza kukatika. Ndefu kupita kiasi huweza kupenya na kuzuia vipuri vya ndani. Kwa hiyo maagizo husema zisafishwe mafuta, zitiwe gundi kidogo ya kuzuia kulegea, zikazwe kwa kiasi alichotaja mtengenezaji, kisha zichorwe mstari wa rangi ili mtu aone mara moja iwapo zimesogea. Haya yote yanasemeka kwa Kiswahili, bila jasho.

Palipotutatiza tena ni kwenye "dakika". Kilengeo hurekebishwa kwa dakika za pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa umbali wa mita 100, dakika moja ni kama sentimita 2.9, kwa mita 25 ni kama milimita 7. Ukimwambia mtu "songeza dakika mbili" bila kutaja pembe, huenda akatazama saa!

Wapo watakaonicheka. Watasema kuwa mwenye uwezo wa kununua bastola anajua Kiingereza. Nami nauliza: kukijua Kiingereza cha kuagiza chai ndiko kuyaelewa maagizo ya chombo cha kuua? Na je, fundi anayekifunga? Wengine watadai kuwa Kiswahili hakina uwezo. Hao wamesahau kuwa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902, liliwaamrisha askari wake kwa Kiswahili, na kwamba jeshi la Tanzania linakitumia hadi leo. Risasi, baruti, bastola na mtutu si maneno ya jana.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mwananchi jinsi ya kuhakikisha chemba haina risasi ni rasmi kwa jina tu. Lawama si ya lugha. Ni yetu sisi wasomi, tunaoketi vyuoni tukiunda istilahi bila kumwuliza fundi. Na ni ya wafanyabiashara, wanaouza vyombo vya hatari pamoja na karatasi ambazo mnunuzi hazielewi barabara. Napendekeza kila chombo cha namna hiyo kiambatane na maagizo ya Kiswahili yaliyosomwa mbele ya watumiaji kabla ya kuchapishwa.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mwanafunzi wangu ameondoka na karatasi mbili za Kiswahili. Nimemwomba azisome mbele ya darasa lake na kuniletea kila neno litakalomkwaza hata mtu mmoja, nami nitalibadilisha siku hiyo hiyo.