Chema Chajiuza

Siku hizi katika miji yetu imezuka biashara iliyovaa joho la elimu. Matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme na kwenye kuta za vituo vya daladala, na ukifungua simu yako utayakuta humo pia: jifunze Kiingereza kwa mwezi mmoja, jiamini, jitangaze, uwe chapa. Wanaoitwa na matangazo hayo ni watu wazima: wauza maduka, mafundi cherehani, madereva, wauguzi, wahudumu wa hoteli. Ni watu wenye watoto wa kusomesha na kodi ya nyumba ya kulipa, nao hutoa fedha walizozipata kwa jasho.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa watu wazima, nafundisha jioni. Kwa hiyo jambo hili lanihusu kwa maslahi, na msomaji ana haki ya kulijua hilo mapema. Hoja yangu ni fupi. Mtu mzima anayetaka Kiingereza apewe vitabu vingi vyepesi avisome, na habari ya kujinadi ingoje nyuma. Wanaofanya kinyume cha hivyo wanamwuzia mwanafunzi kofia kabla ya shati.

Tuangalie kwanza hayo mafunzo ya kujinadi yalivyo. Siku ya kwanza mwanafunzi huulizwa: wewe ni nani, na unauza nini kwa ulimwengu? Kisha huandikiwa aya moja ya sentensi saba au nane, akaikariri mbele ya kioo. Katika aya hiyo yeye ni mchapakazi, ni mbunifu, ana ari isiyo na kifani, anafanya kazi vizuri na wenzake. Aya ya fundi cherehani haitofautiani na ya muuguzi ila kwa jina la kazi. Baada ya hapo hupigwa picha amevaa koti, pengine la kuazima, na picha na aya huwekwa mtandaoni. Mwezi ukiisha hupewa cheti chenye mhuri.

Fikra hii ina asili yake. Mwezi wa Agosti, 1997, mwandishi wa Kimarekani wa mambo ya uendeshaji wa makampuni, Tom Peters, alichapisha makala katika jarida la Fast Company, akisema kwamba kila mfanyakazi ajihesabu kuwa ni kampuni, na ajijengee jina kama bidhaa za dukani zinavyojengewa jina. Sina ugomvi na Mmarekani huyo. Aliowaandikia walikuwa watu wa maofisini ambao Kiingereza walikinyonya pamoja na maziwa ya mama zao. Kitu pekee ambacho hakuwa na haja ya kuwafundisha ni kile kile ambacho mwanafunzi wangu hana. Kuchukua shauri la watu wa namna hiyo na kulifanya kuwa somo la lugha kwa dereva wa Mbagala ni kama kumfundisha mtu kupamba jahazi ambalo mbao zake hazijapasuliwa.

Na neno lenyewe la chapa, ndugu msomaji, tulitafakari. Wafugaji wetu wanalijua. Chapa hupigwa kwa chuma cha moto kwenye paja la ng'ombe ili mwenye mali ajulikane. Hatujasikia ng'ombe akizungumza kwa sababu ya kupigwa chapa. Na neno kujinadi nalo latoka mnadani, mahali ambapo kinachonadiwa hakiulizwi maoni yake. Mtu mzima aliyekuja darasani ili apate sauti hastahili kupewa jina la bidhaa.

Hata hivyo, haki itendeke. Wenzetu hawa wana hoja moja ya kweli. Mtu mzima ana haya. Anaogopa kuchekwa na watoto wake mwenyewe waliomzidi Kiingereza, na haya hiyo humfunga mdomo kuliko upungufu wa maneno. Kumwezesha kusimama akataja jina lake, kazi yake na mahali anapoishi, bila kutetemeka, ni jambo jema. Mimi pia nalifundisha. Lakini ni kazi ya jioni mbili. Anayeifanya kuwa kazi ya mwezi mzima, na kuitoza karo ya mwezi mzima, anauza maji kwa bei ya maziwa.

Alikuja kwangu fundi friji mmoja aliyekuwa ametoka katika mafunzo ya namna hiyo. Nilimwomba ajieleze. Aya ilitoka kama maji ya bomba, hakukwama hata mara moja, na wanafunzi wenzake wakampigia makofi. Nikamwuliza swali la pili: wakati wa joto, friji za mjini huharibika nini zaidi? Huyu ni mtu aliyefanya kazi hiyo miaka kumi na mitano. Ukimwuliza kwa Kiswahili atakueleza habari za gesi inayovuja, za kompresa iliyoungua kwa sababu ya umeme kupanda na kushuka, za mwenye nyumba aliyebandua barafu kwa kisu akatoboa bomba. Kwa Kiingereza alinyamaza kidogo, kisha akaianza upya ile aya yake: yeye ni mchapakazi, ni mbunifu. Darasa lilicheka, na mimi nilisikitika. Jina alipewa, na maneno ya kazi yake mwenyewe hakupewa. Mwajiri naye huuliza swali la pili. Mteja hali kadhalika. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini huyu hakuwa debe tupu. Alikuwa debe lililojaa, likatiwa kizibo.

Lugha ni kitu kingi, na kitu kingi hakipatikani kwa aya moja. Michael West, mwalimu wa Kiingereza aliyefanya kazi Bengal katika miaka ya 1920 na kutunga vitabu vya kusoma vya maneno machache, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi katika lugha hiyo. Hata hayo 2,000, ambayo ni msingi tu, hayaingii kichwani kwa kuonwa mara moja. Neno hukaa kwa mtu baada ya kukutana nalo mara nyingi, kila mara limekaa na jirani tofauti. Maneno ya kawaida hurudi kila mstari; yale yasiyo ya kawaida sana hurudi baada ya kurasa nyingi. Kwa hiyo asiyepita kurasa nyingi hakutani nayo.

Kusoma kwa wingi ninakokutetea kuna masharti yake, wala si kumtupia mtu gazeti la Kiingereza na kamusi. Kitabu kiwe chepesi. Utafiti wa Hu na Nation uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba ili mtu aielewe hadithi vizuri bila msaada, yampasa ajue kama maneno 98 katika kila 100. Pili, msomaji achague mwenyewe, na kitabu kikimchosha akiweke chini achukue kingine. Tatu, asome kila siku. Nne, asitahiniwe kwa kila ukurasa kama mtoto aliyeiba sukari.

Tufanye hesabu. Mtu akisoma kurasa kumi kwa siku, katika mwaka amesoma kurasa 3,650. Kitabu chepesi kikiwa na maneno 200 kwa ukurasa, amepita maneno 730,000. Ilinganishe hesabu hiyo na aya ya sentensi nane.

Ushahidi upo. Huko Fiji, kuanzia mwaka 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi katika kila darasa la nne na la tano la shule kadhaa za vijijini, watoto wakasoma dakika 20 hadi 30 kila siku. Kwa muda wa miezi minane maendeleo yao katika kusoma Kiingereza yalikuwa kama mara mbili ya kawaida. Utasema hao ni watoto. Basi twende Japani. Mwaka ule ule wa 1997, Beniko Mason na Stephen Krashen walichapisha habari za wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wameshindwa Kiingereza na kulazimika kurudia somo. Walipewa vitabu vyepesi wasome. Mwanzo wa muhula walikuwa nyuma sana ya wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Mwisho wa muhula walikuwa karibu wamewafikia. Kwa hiyo mwaka mmoja ulituletea mashauri mawili, la chapa na la vitabu. Sisi tukaliokota lile lenye kung'aa.

Wala shauri la vitabu si geni kwetu. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kufuata masomo kwa lugha hiyo. Ukaja mradi ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa Uingereza, ukapeleka shule za sekondari vitabu vyepesi vya kusoma. Mtu mzima wa madarasa ya jioni hakukumbukwa.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshajifunza somo hilo kwa Kiswahili. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata mamilioni ya wazee wetu walijifunza kusoma. Ilionekana mara moja kwamba aliyejua herufi asipopata cha kusoma husahau, ndiyo maana yakaanzishwa magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho, na maktaba za vijiji. Tena vijana wengi wa mijini walioweza kusoma Kiswahili kwa kasi hawakuipata kasi hiyo kwa mazoezi ya sarufi. Waliipata kwa Elvis Musiba na Willie Gamba wake, katika vitabu kama Kufa na Kupona cha mwaka 1974, vilivyopita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Kilichofaa kwa Kiswahili kitashindwaje kufaa kwa Kiingereza?

Najua majibu nitakayopewa. Nitaambiwa mtu mzima hana nafasi. Lakini huyo huyo hukaa katika foleni ya daladala asubuhi na jioni, na kurasa kumi nyepesi hazimalizi nusu saa. Nitaambiwa vitabu ni ghali. Wanafunzi ishirini wakinunua kila mmoja kitabu kimoja tofauti, hata cha mtumba kutoka kwa wale wanaovipanga kando ya barabara, darasa lina maktaba ya vitabu ishirini, nayo yaweza kubaki kwa wanaofuata. Nitaambiwa Watanzania hawapendi kusoma. Jibu langu ni Willie Gamba. Nitaambiwa pia kwamba kusoma hakumfundishi mtu kutamka, na hilo nalikubali, maana Kiingereza kimejaa herufi zinazoandikwa zisitamkwe. Ndiyo maana darasani mwalimu asome kwa sauti wanafunzi wakifuata kwa macho, kisha wasimuliane walichosoma. Lakini anayesimulia lazima awe na kitu cha kusimulia, na hicho hutoka kitabuni.

Hapo ndipo suala la jina linapopata mahali pake. Fundi friji aanze na hadithi fupi nyepesi, aendelee na maelezo ya mashine anazozijua, kisha aandike kurasa mbili juu ya friji ngumu kuliko zote alizowahi kutengeneza. Muuguzi asome habari za wagonjwa na wauguzi. Anayetaka riwaya aweza kuanza na Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973, na akishapata nguvu aende kwenye Things Fall Apart ya Chinua Achebe yenyewe, akiwa tayari anajua nani anamfuata nani katika kisa. Mtu wa namna hiyo akiulizwa yeye ni nani atajibu kwa maneno yake, na swali la pili litamfurahisha kwa kuwa litampa nafasi ya kuendelea. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakusema chema kinyamaze. Walisema kwanza kiwe chema.

Kinachoniudhi zaidi ya fedha zinazopotea ni fundisho linalobaki. Mtu aliyekariri aya akashindwa swali la pili hatasema kwamba mafunzo yalikuwa mabovu. Atasema kwamba yeye ni mzito wa kichwa, kwamba Kiingereza ni cha watoto wa matajiri, na hatarudi tena darasani. Wamo wengi mitaani wenye cheti sandukuni na imani hiyo moyoni. Kumvunja moyo mtu mzima aliyekuwa amejitokeza kujifunza ni dhara lisilotengenezwa kwa kurudisha karo.

Basi wewe unayefikiria kujiandikisha, fanya jambo moja kabla hujatoa shilingi. Mwulize mwenye darasa: katika mwezi huo nitasoma kurasa ngapi, na vitabu viko wapi? Akikuonyesha kabati, hata dogo, hata lenye vitabu vilivyochakaa, kaa chini uanze. Akikuonyesha kioo na koti la kupigia picha, mwage kwa heshima ushike njia yako.