Seva Si Dikoda, Wacha Kuizima na Kuiwasha

Wasee, tuongee ukweli. Tovuti ya mteja ikisumbua kidogo, madevelopa wengi wa mtaa wana dawa moja tu: zima, washa. Umebadilisha mstari mmoja kwa faili ya mipangilio? Zima, washa. Mteja amepiga simu ati tovuti iko polepole? Zima, washa. Mimi nasema huo si ufundi, na kuna mtu anaulipia.

Chukua nginx, programu ambayo Igor Sysoev wa Urusi aliitoa kwa umma 2004 na leo inaendesha tovuti kibao duniani. Ni dimoni. Tulia, usiite pasta. Dimoni kwa kompyuta ni programu inayopiga kazi kimya kimya, bila dirisha, bila kitufe. Ndani yake kuna mkubwa anayesoma mipangilio, na wafanyakazi wanaohudumia wageni. Ukitaka kuongea na mkubwa, unafungua terminali na kuandika.

Sasa ukiandika hii:

sudo systemctl restart nginx

umefunga duka lote ndio ulifungue upya. Ni kama kinyozi kufukuza wateja wakiwa wamenyolewa nusu kichwa, juu anataka kubadilisha bei kwa ukuta. Na kama ulisahau nukta mkato moja kwa ile faili, duka halifunguki tena.

Lakini ukiandika hii:

sudo systemctl reload nginx

mkubwa anakagua mipangilio mipya kwanza. Ikiwa sawa, analeta wafanyakazi wapya na kuambia wa zamani wamalize vichwa walivyoshika ndio waende. Ikiwa na kosa, anaikataa na kuendelea na ile ya zamani.

Hapa kwetu hiyo tofauti ni pesa. Dada anayeuza viatu mtandaoni anategemea ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha malipo ufike kwa seva yake. Ukifika zile sekunde umezima, unaweza kupotea. Mnunuzi amekatwa pesa, tovuti inasema hajalipa. Nani atatukanwa? Si wewe uliyebonyeza. Ni huyo dada, na ni yeye ataitwa tapeli.

Najua mtaniambia kuna paneli za vitufe. Sawa, tumia. Lakini kitufe hakikuambii kwa nini kitu kimekufa. Terminali inakuambia. Kabla ya kugusa chochote, andika

sudo nginx -t

na itakuonyesha faili na mstari wenye kosa. Ukitaka kujua kama dimoni iko hai, systemctl status nginx. Ukitaka kujua ililia nini, kwa Ubuntu soma /var/log/nginx/error.log. Seva huandika shida zake kila siku, ni vile tu hakuna anayesoma.

Na msiniambie ati hayo ni ya watu wa digrii. Mimi niliacha chuo, na terminali haijawahi kuniuliza cheti. Huna laptopu? Weka Termux kwa simu yako ya Android, andika pkg install nginx, uanze kucheza nayo. Huko systemctl haiko, lakini nginx -t na nginx -s reload zinafanya kazi. Haribu mipangilio makusudi, uone vile inakataa. Afadhali uzoee kwa simu yako kuliko kwa biashara ya mtu.

Kuna siku restart inahitajika, sikatai. Ukisasisha nginx yenyewe, kwa mfano, reload haitoshi. Basi chagua saa wateja wamelala, na umwambie mwenye tovuti mapema.

Kama unalipwa kutunza seva ya mtu, jua kuiuliza ina nini kabla ya kuizima. Wewe hukagua kwanza, ama mkono ndio huenda tu?