Pipa la Mbege: Tununue Lipi?

Familia nyingi za Kilimanjaro zikipata fedha kidogo huacha mtungi na kununua pipa la chuma, ili mbege ya ubatizo na kipaimara itoshe wageni. Sisi wauguzi tunasema hapana. Mbege iliyochacha ina asidi, nayo hula chuma. Mwaka 1929 maini yaliyojaa chuma yalielezwa huko Afrika Kusini. Baadaye ikaonekana yalitokana na pombe ya vyombo vya chuma. Ndoo ya bati nayo hutoa zinki, mkatapika. Na pipa lililobeba dawa ya kunyunyizia kahawa lisitumike kabisa, hata likisuguliwa mara kumi! Nunueni jipya la plastiki, lililotengenezwa kwa ajili ya chakula, lenye kifuniko. Ni ghali, kweli. Basi nyumba tatu zichangie moja.