Dume au Jike? Kwanza Niambie Unarudi Lini Nyumbani

Kila muhula mpya ukianza hapa Dubai hakosi mgeni wa kuniuliza swali lile lile. Juzi kaniuliza dada mmoja wa mwaka wa kwanza, tumebanana kwenye basi la kwenda Academic City: "Kaka, upweke umenichosha. Nataka kufuga paka. Eti, nichukue dume au jike?"

Basi lilikuwa limejaa, nikamjibu kwa kifupi. Leo naomba nijibu kwa kirefu, maana naona tunauliza swali la tatu kabla ya kujibu la kwanza na la pili. Na mimi nina haki ya kusema, kwa sababu makosa yote nitakayoyataja hapa nimeyafanya mwenyewe.

Tulikuwa wanne kwenye flati moja kule International City, upande wa majumba yaliyopewa jina la Uingereza. Wanaopajua wanajua: pale kila kundi la majumba lina jina la nchi yake. Mwenzetu mmoja alikuwa akipiga simu kwao Morogoro anawaambia "niko Uingereza hapa," wala hadanganyi! Mwezi wa tisa tukaokota kitoto cha paka chini ya gari. Ubishi ukaanza hapo hapo. Mwenzetu wa Mombasa akasema tunataka dume, jike atatujazia nyumba. Mwenzetu wa Kampala akasema dume atakojolea vitabu. Tukamgeuza, tukamtazama chini ya mkia, tukapiga kura. Watatu kwa mmoja: dume. Tukampa jina la Shume.

Demokrasia ilishinda, baiolojia ikashindwa. Shume alikuwa na rangi tatu, nyeusi, nyeupe na ya machungwa. Jamani, kama kuna aliyesoma sayansi kati yetu angetuambia! Jeni inayoleta rangi ya machungwa iko kwenye kromosomu X. Ili paka awe na nyeusi na machungwa pamoja anahitaji X mbili, na mwenye X mbili ni jike. Dume wa rangi tatu hutokea mara chache mno, pale anapozaliwa na X ya ziada. Ndiyo maana pia paka wa rangi ya machungwa tupu wengi ni madume, kiasi cha wanne katika kila watano: dume mwenye X moja akiipata hiyo jeni imetosha. Na kama rangi haikusaidii, tazama umbali. Kwa kitoto jike matundu mawili chini ya mkia yamekaribiana, la chini ni kama kimstari. Kwa dume ni kama nukta mbili zilizoachana. Au mpeleke kwa daktari wa mifugo, usipige kura.

Mwezi wa pili Shume akaanza kugaragara sakafuni na kulia usiku kucha, mpaka jirani akawa anagonga ukuta. Sisi tukadhani anaumwa tumbo. Kumbe yuko kwenye joto. Na kosa lingine lilikuwa letu: jike wa paka hufuata mwanga. Siku zikiwa ndefu mwili wake unajua ni wakati wa kuzaa, zikiwa fupi anapumzika. Sasa flati ya wanafunzi, taa inawaka mpaka saa tisa usiku watu wanamalizia kazi za darasani, paka anaona kiangazi hakiishi. Asipopata dume hutulia siku chache, halafu anaanza upya, wiki mbili tatu tena. Usiku mmoja tu mlango uliachwa wazi. Kwa paka usiku mmoja unatosha, maana yai lake hutoka baada ya kupandwa, hapotezi nafasi. Siku kama 63 baadaye tukafungua kabati tukakuta vitoto vinne juu ya suti ambayo mwenzetu wa Kampala aliiweka kwa ajili ya usaili wa kazi.

Tulicheka sana. Lakini sikilizeni yaliyofuata, maana si ya kuchekesha.

Vitoto viwili vilipata familia nzuri. Cha tatu tulimpa mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa mwaka wa mwisho. Hatukumwuliza lolote, tulifurahi tu idadi imepungua. Mwezi wa sita akamaliza, visa inaisha, tiketi iko mkononi. Akatupigia simu, tukamwambia bwana, tuna mitihani, nafasi hatuna. Basi akaenda kumwachia paka nyuma ya mikahawa, eti atapata makombo. Alituambia baadaye akiwa ameshafika kwao. Tukaenda kumtafuta. Mnajua Dubai ya majira hayo. Serikali yenyewe inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, tarehe 15 Juni mpaka 15 Septemba, kwa sababu binadamu anaweza kufa. Tukawa tunainama chini ya gari moja baada ya jingine. Paka walikuwepo wengi, wamelala wanahema. Wetu hatukumpata. Mpaka leo sijui kama alikuwa dume au jike, maana hatukuwahi kutazama vizuri. Lakini ninachojua ni kwamba jinsia yake haikuwa na uzito wowote siku ile. Kilichomponza ni tarehe ya tiketi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: unarudi lini nyumbani, na paka atabaki na nani? Digrii ni miaka mitatu au minne. Paka wa ndani anayetunzwa huishi miaka 12, 15, hata zaidi. Hesabu hiyo haihitaji profesa. Kama unataka kurudi naye, anza mapema: chanjo ya kichaa cha mbwa, chipu ya utambulisho, cheti cha afya, kibali cha kumtoa kutoka Wizara ya Mabadiliko ya Tabianchi na Mazingira ya hapa, na kibali cha kumwingiza kutoka idara ya mifugo ya kwetu. Wala usidhani utampakata kwenye kiti. Kwenye ndege za Emirates, ukiacha mbwa wa kuwaongoza wasioona, anayeruhusiwa kukaa na abiria ni kozi, yule ndege wa kuwindia, tena kwa safari fulani tu za Pakistan. Paka wako atasafiri chini, na nauli yake si ya mchezo.

Najua wapo watakaosema, "Wewe unakuza mambo, kwetu paka anajitafutia." Kweli, mimi ni wa pwani, nayajua hayo. Lamu paka wamejaa vichochoroni, wanangoja utumbo wa samaki wavuvi wakirudi, na hakuna anayeuliza huyu dume au jike. Hata khadzonzo wa Wagiriama, kabla Jeni Slater hajaokota vitoto vyake huko upande wa Malindi mwaka 1978 na dunia ikamwita paka wa Sokoke, alikuwa anajitegemea msituni. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Lakini nyumba ile ilikuwa na ua, na panya, na jirani mwenye kichwa cha samaki. Flati ya ghorofa ya saba haina kitu isipokuwa wewe. Ukimfungia humo umeshachukua nafasi ya mtaa mzima.

Swali la pili: pesa ya upasuaji unayo? Daktari wa mifugo atamhasi dume, na jike atamfunga kizazi. Hapa ndipo tofauti kubwa ya dume na jike inapofutika. Dume asiyehasiwa hupulizia mkojo kwenye mapazia, hupigana, hutoroka. Jike asiyefungwa ndiyo hayo ya Shume, na anaweza kushika mimba nyingine akiwa bado ananyonyesha. Pia akizeeka huwa kwenye hatari ya usaha kwenye kizazi na saratani ya matiti. Wakishafanyiwa, wote wawili wanatulia. Upole wa paka baada ya hapo unategemea zaidi alivyoshikwa na kuzoeshwa watu akiwa na wiki mbili hadi saba, kuliko jinsia yake. Habari kwamba dume ni mkorofi na jike ana maringo ni maneno ya baraza tu.

Wengine huniambia kumhasi mnyama ni dhambi. Wanazuoni wana maneno yao, sitaingia humo. Ila sote, Waislamu kwa Wakristo, tunakijua kile kisa cha mwanamke aliyepata adhabu kwa kumfungia paka bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Na hapa hapa Emirates njia ya kumkamata paka wa mtaani, kumfanyia upasuaji na kumrudisha alipotoka imetumika miaka mingi. Ukiona paka ana ncha ya sikio iliyokatwa, ujue huyo keshapita kwa daktari.

Sasa ndiyo tunafika kwenye swali la tatu, dume au jike. Sitakimbia, nitasema langu: chukua jike mzima, aliyekwisha kufungwa kizazi. Usichukue kitoto.

Sababu ninayo, tena niliilipia. Kitoto cha nne tulikibakiza, huyu dume kweli, wa machungwa. Tulimhasi. Akiwa na miaka miwili akaanza kwenda kwenye mchanga wake kila dakika, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu. Tukasema amefunga choo, tukampa maziwa. Kumbe ni mkojo umeziba. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba sana, chembechembe kidogo tu zinatosha kuiziba, hasa akila chakula kikavu na maji anakunywa kidogo. Kwa jike ni nadra. Daktari akasema tungechelewa siku moja nyingine tungezika. Bili ilitushinda, tukachangishana watu kumi na mmoja, na mwenzetu wa Mombasa akatoa nauli yake ya kwenda Idd. Mpaka leo hakuna aliyemsema. Mwanafunzi anayeshinda chuoni kutwa na mfukoni ana nauli ya metro tu, asijitafutie dharura ya namna hiyo. Ila kama moyo wako umependa dume, mchukue, mpe chakula chenye majimaji, na siku ukiona anachuchumaa bila mafanikio usingoje kesho.

Na mengine ya kawaida msiyasahau. Soma mkataba wa pango, wenye nyumba wengi na hosteli karibu zote hawataki mnyama. Msajili Manispaa ya Dubai, na chanjo iwe kila mwaka. Weka wavu roshani.

Nikitaja roshani mtakumbuka kisa cha Deira cha Agosti 2021. Paka mwenye mimba alikuwa ananing'inia kwenye roshani, wapita njia wakatandaza shuka wakamdaka. Wanaume wanne, wawili kutoka India, mmoja Morocco na mmoja Pakistan, na Sheikh Mohammed bin Rashid akawazawadia dirhamu 50,000 kila mmoja. Sote tuliisambaza ile video, na wanastahili sifa. Ila kumdaka paka ni kazi ya sekunde chache. Mtu wa kumweka nyumbani miaka 15 harekodiwi na simu.

Yule dada wa kwenye basi nilimwuliza swali moja tu, "Unamaliza lini?" Akanijibu, kisha akanyamaza vituo viwili. Mwishowe akasema, "Basi kaka, acha kwanza nije kumtembelea Shume."

Karibu sana mdogo wangu. Shume yupo, keshafungwa kizazi, na jina la kiume bado analo. Ukija njoo na kopo la jodari. Na mwenye maoni tofauti aniandikie toleo lijalo, mimi sikasiriki. Ila aanze kwa kututajia tarehe yake ya kurudi nyumbani.