Chombo Huita Watu Wake

Juma lililopita niliitwa nyumbani kwa dada yangu, hapa Mombasa, kwenda kuamua shauri. Mwanawe, ambaye harusi yake i karibu, anatengeneza chumba cha wageni. Katika pembe moja ametaka kuweka meza ndefu ya kusimama, viti vinne virefu mbele yake na rafu ya vioo nyuma yake. Akanionyesha katika simu picha za vyombo alivyotaka kuagiza: kopo la chuma la kutikisia vinywaji, kipimo chenye vinywa viwili, kijiko cha mpini mrefu, chujio, mchi mdogo wa kupondea nanaa, na bilauri zenye miguu.

"Mjomba," akaniambia, "mimi sitatia humo tone la ulevi. Ni ndimu, ukwaju, embe na nanaa tu. Kosa langu liko wapi?"

Mamake hakuningoja mimi nijibu. "Kosa ni kuwa nyumba yangu itaitwa baa!"

Wasomaji wangu, nakiri kuwa nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumkemea kijana yule. Lakini suali lake lilikuwa suali la haki, na mtu mzima aulizwapo kwa adabu haifai kujibu kwa ukali. Niliomba siku mbili za kufikiri. Leo nawaletea niliyoyafikiri, kwani najua shauri hili si la nyumba moja.

Mimi si mufti, lakini yale machache niliyoyapata chuoni yananikumbusha kuwa shauri la vyombo ni la kale. Ulipomjia Mtume (S.A.W.) ujumbe wa Abdul-Qays, aliwakataza wasitie vinywaji vyao katika vyombo vya namna nne: kibuyu, mtungi wa kijani, chombo kilichopakwa lami, na gogo la mtende lililochongwa ndani. Vilikuwa vyombo ambavyo kinywaji huchacha ndani yake upesi. Baadaye, watu walipokwisha kuimarika katika dini, ruhusa ilikuja, na imo katika Sahihi ya Muslim: watu wanywe katika vyombo vyote, ila wasinywe kileviacho. Kibuyu hakikuwa na hatia. Na sisi wa pwani twalijua hilo, kwani kibuyu ambacho mgema hugemea tembo ndicho hicho ambacho mwingine huchotea maji ya kunywa.

Basi, kijana ameshinda? Bado. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameligusa jambo hili katika Ihyaa, pale anapozungumzia samaa. Anapiga mfano wa watu waliokusanyika, wakapamba kikao chao kama kikao cha walevi, wakapanga bilauri, wakaweka mtu wa kuwazungushia, na ndani ya bilauri hamna ila sikanjabini, yaani siki iliyotiwa utamu. Kinywaji ni halali, asema, lakini kikao kile ni haramu, kwa kuwa ni kujifananisha na watu wa uharibifu. Hapo ndipo penye hoja ya dada yangu, ijapokuwa yeye hakuisoma kitabuni.

Lakini hoja hiyo nayo yataka kushikwa kwa uangalifu, maana iliwahi kutupiga sisi wenyewe. Kahawa, hii tuinywayo barazani baada ya isha, ilishitakiwa kwa shitaka hilohilo. Jina lenyewe, qahwa, katika Kiarabu cha zamani lilikuwa mojawapo ya majina ya mvinyo. Masufi wa Yaman waliinywa wapate kukesha katika dhikiri. Ilipofika Makka, mwaka 1511, muhtasibu Khair Beg aliwakuta watu usiku karibu na msikiti wakipokezana kikombe, akasema hawa wanafanya kama walevi, akaipiga marufuku. Amri iliyokuja baadaye kutoka Cairo ikalegeza marufuku yake. Lau angelishinda, leo tungekuwa hatuna dele wala kikombe chake.

Basi mimi naona hivi. Chombo hakina dhambi, lakini kila chombo huita watu wake, na huwakalisha kwa namna yake. Kabla ya kuuliza bei, uliza: hiki kitamkalisha nani nyumbani kwangu, na kitamwondoa nani?

Nilimrudia mpwa wangu kwa mizani hiyo. Kopo la kutikisia, nikamwambia, nunua ukitaka. Barafu, ndimu na sukari vikitikiswa humo hupoa upesi kuliko kukoroga. Usitie soda tu, wala kitu cha moto, kifuniko kisije kikakurukia. Chujio na mchi, usinunue. Jikoni kwa mamako vimo, tena vizuri kuliko hivyo vya pichani. Kipimo cha nini, na kikombe cha kahawa kipo? Sukari iyeyushe kwanza katika maji ya moto, maana katika maji ya barafu hukaa chini. Bilauri chukua zilizo nene, zenye kitako kipana, ambazo mtoto akizigusa hazianguki. Hizo za miguu ziache. Hazikuongezei utamu, na ndizo zitakazomfanya jirani achungulie mara mbili.

Lakini viti virefu vile na meza ile, hapo nilisimama na mamake. Si kwa sababu ya jina la baa peke yake. Nilimuuliza, bibi yako mwenye magoti mabovu atapandaje? Mzee wa jirani atakayekuja kukupa mkono wa harusi, atamwekea nani fimbo yake? Mtu akikaa katika kiti kile huelekea ukuta na chupa, naye mwenye nyumba amesimama upande wa pili kama muuzaji. Baraza yetu ina watu waliotazamana. Mkubwa na mdogo wamekaa kimo kimoja, na kikombe ni kidogo makusudi, kiishe upesi, ili mwenye dele arudi tena na mazungumzo yaendelee.

"Haya, Mjomba," akasema, "niweke dele. Na dele tutalipata wapi?"

Hakusema zaidi, lakini nilimfahamu, na nilitazama chini. Dele la shaba la marehemu baba yangu nililiuza mimi, kwa mkono wangu. Lilikuwa limechujuka bati la ndani, na dele la shaba sharti litiwe bati kila linapochujuka, ama sivyo shaba huingia katika kinywaji. Nikaona uzito kumtafuta fundi. Akaja mnunuzi wa vitu vya kale, akanipa fedha kidogo, nikaenda kununua thamosi. Thamosi haina ubaya. Huweka kahawa moto tangu alfajiri hata adhuhuri. Lakini kila mtu hujimiminia akaondoka. Hakuna wa kupuliza makaa, hakuna wa kugonganisha vikombe, na baraza ya baba yangu, ambayo mimi nilijifunzia kutunga, sasa huegeshwa pikipiki. Miaka kadhaa baadaye nililiona dele lile katika ukumbi wa hoteli moja, limetobolewa kitako na kutiwa waya, limefanywa taa.

Kwa hiyo tusiwatupie lawama zote vijana. Mwacha asili ni mtumwa, twawaambia, nasi ndio tulioiuza asili hiyo tukairudishia chenji mfukoni. Kijana aliyeona pembe ya nyumba i tupu ametafuta cha kuijaza. Ametaka watu waje kwake, wakae, wanywe pamoja. Hilo ni jambo jema, na halipingwi kwa makemeo. Hupingwa, ikiwa lapingwa, kwa kumpa kilicho bora.

Mpwa wangu ameviacha viti virefu. Kopo la kutikisia ameliagiza, na mamake bado analitazama kwa jicho la pembeni. Mimi nimemwahidi zawadi ya harusi: dele, na vikombe vyake sita, na bati jipya ndani. Nimekwisha kumuulizia fundi.

Chombo hakitendi dhambi, dhambi hukaa moyoni,
Ila chombo kina kambi, huita watu nyumbani,
Dele lisijae vumbi, kwa kufungwa kabatini,
Nalileta langu ombi, dele lije barazani.